Manyunyu ya Mrija wa Tata

Jumatatu, 27 Januari 2025

Nimeupata! Mrija wa shaba wa Tata! Miaka kumi na tisa nimeutafuta darini, ghalani, zizini. Hata nilimshuku shemeji yangu wa Kebirigo. Kumbe ulikuwa ukining'inia mbele ya macho yangu kila nilipokwenda kulala. Mke wangu Kemuma aliufanya fimbo ya kutundikia pazia la mlango wa chumba chetu.

Nimeuchomoa papo hapo. Pazia likaanguka na pete zake zote. Kemuma akauliza wageni wa sebuleni watatuona vipi tukivaa nguo. Nikamjibu kwamba wageni wenye heshima hutazama chini. Jibu hilo halikumfurahisha.

Niandike vizuri, maana haya ni mambo ya ukoo. Tata ndilo jina tunalomwita baba huku Gusii. Wangu, marehemu sasa, alikuwa mtunzaji wa kitalu cha chai kule chini kijitoni, miaka ya sabini. Mrija huu ulifungwa kwenye pampu ya mgongoni. Shaba nyekundu tupu, mrefu kama mguu wangu, umepinda shingoni, na kichwa chake kina vitundu ambavyo hata sindano haipenyi. Tata alipampu kwa mkono wa kushoto, akainua mrija kwa mkono wa kulia, na maji yakatoka kama pumzi ya mtu asubuhi ya baridi. Hayakuanguka. Yalikaa hewani, halafu ukaona majani yanang'aa. Sisi watoto tulisimama chini yake tumetoa ndimi. Pampu iliota kutu, wakaichukua watu wa vyuma vikuukuu. Mrija ukabaki.

Sasa mpango. Nina kitalu cha matunda damu, yale mekundu kama nyanya, nyuma ya nyumba. Miche mia sita, kila mmoja hauzidi ukucha wa kidole gumba. Ijumaa ya wiki ijayo kikundi cha akina mama wa Sironga kinakuja kuchagua miche ya kupanda mashambani mwao. Kitachagua kwangu au kwa jirani yangu Cleophas. Cleophas amenunua Kisii mjini bastola ya plastiki ya kumwagilia, yenye mitindo saba. Leo alisimama upande wake wa ua akanionyesha yote saba. Mtindo wa tano ulinipata kifuani.

Akasema, "Pole, Karani."

Nilikuwa karani wa kupima majani ya chai kwa miaka thelathini na mmoja. Nimestaafu, lakini jina limekataa kustaafu.

Nitaufunga mrija wa Tata kwenye mpira wa maji wa kawaida. Manyunyu ya kale kwenye miche ya leo. Cleophas na bastola yake watakaa kimya! Jioni nimeusugua kwa ndimu na majivu hadi umekuwa mwekundu kama zamani.


Jumanne, 28 Januari 2025

Jaribio la kwanza. Mdomo wa mpira ni mpana, mkia wa mrija ni mwembamba. Jambo dogo. Nilikata ukanda wa tyubu ya baiskeli, nikauzungusha mkiani mara kumi na mbili, nikausukumiza ndani ya mpira, nikakaza kwa waya.

Nikafungua maji kidogo. Hakuna kitu. Nikafungua zaidi. Hakuna kitu. Nikainama kutazama vile vitundu.

Ashukuriwe Mungu niliinama upande. Mrija ulichomoka! Ulipita karibu na sikio langu, ukavuka ua, ukasimama wima katikati ya kitalu cha Cleophas kama mkuki wa mababu.

Aliurudisha mwenyewe, ameufuta udongo kwa mkono wa shati. Nilitaraji acheke. Hakucheka. Aliushika muda mrefu kidogo, akauliza kama huu si ule wa mzee. Nikasema ndio huo. Akanipa, akaenda zake. Sipendi mtu anayeacha kucheka mahali pa kucheka. Ana mpango.


Jumatano, 29 Januari 2025

Kwa bodaboda hadi Kebirigo, mrija begani. Watu walinipisha njia.

Fundi Nyasani ana kibanda nyuma ya soko na sanduku la nati linaloweza kujaza kaburi. Tulijaribu nati baada ya nati, saa mbili nzima. Meno ya mkia wa mrija ni ya zamani. Nyasani alisema meno ya namna hiyo hajayaona tangu alipokuwa mwanafunzi wa babake. Nati moja ilizunguka mara moja na nusu, tukashangilia, ikakwama.

Akasema dawa ni moja: kuukata mkia wenye meno, kisha kulehemu nati ya kisasa. Nikamwambia kamwe. Mkia ule Tata aliukaza kwa vidole vyake. Nyasani akasema sawa, akaendelea na kazi ya mtu mwingine. Nikakaa juu ya ndoo nikitafakari. Nikatoka nje. Nikarudi.

Nikamwambia akate kidogo tu.

Sauti ya msumeno kwenye shaba haipendezi. Nimekiokota kipande kilichokatwa. Urefu wa sentimita tatu. Nimekitia mfukoni mwa koti la Sabato. Sijamwambia Mama.

Mama anakaa nyumba ndogo kando ya yetu. Jina lake Nyakerario, miaka themanini na sita. Macho yamefifia. Tangu Krismasi hatoki nje. Ukimwambia atoke aote jua, anauliza atoke akatazame nini. Kemuma humpelekea uji wa wimbi mlangoni, naye hunywa nusu.


Alhamisi, 30 Januari 2025

Nyasani ni bingwa! Mrija umerudi na nati ya shaba ya njano, imelehemiwa hata huoni mshono. Unaingia kwenye mpira, tak! unakaa. Haumwagi hata tone.

Wala hautoi hata tone. Nilifungua maji yote. Kwenye vitundu vya Tata yakatokea machozi matatu, yakateleza shingoni, yakaniingia kwenye kwapa.

Nimelielewa tatizo. Tangi letu limekaa juu ya mawe matatu, kimo cha mbuzi. Maji hayana nguvu ya kujisukuma kupita mle. Tata alikuwa na pampu na mkono. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mnene kuliko wa kulia, watu walimtania sokoni. Mimi ninahitaji urefu. Maji yakitoka juu yatakuja na hasira.

Nilikuwa bado nimeinua mrija nikiutikisa ndipo nikamsikia Mama. Amefungua dirisha lake. Akauliza kama Tata ameanza kunyunyiza.

Nikasema ni mimi, Mama. Mrija tu.

Akasema, "Siyo wake. Maji yake hayakuwa na sauti."

Akafunga dirisha. Sasa si mambo ya Cleophas peke yake.


Ijumaa, 31 Januari 2025

Nilipandisha pipa juu ya paa la jiko. Nililijaza ndoo kwa ndoo, nikipanda ngazi, mara kumi na nane. Katika ndoo ya kumi na tisa mabati yalisema neno, nami nikashuka haraka.

Pipa liliingia jikoni kupitia darini. Hakuna aliyeumia. Kemuma alikuwa nje akichambua mboga za Sabato. Moto wa mafigani umezimika, kuku watatu wamelowa, na mwanga mzuri sana sasa unaingia jikoni.

Kemuma alichukua karai lake la mboga, akaenda kupikia kwa mke wa Cleophas. Alirudi na chakula na salamu. Cleophas anauliza kama nahitaji mabati.

Sihitaji mabati! Nahitaji urefu!


Jumamosi, 1 Februari 2025

Sabato. Bwana anisamehe, nimeupata urefu ndani ya nyumba yake.

Kanisa letu limekaa mgongoni mwa kilima cha Manga, juu kabisa ya shamba langu. Nyuma yake kuna tangi kubwa jeusi juu ya jukwaa la saruji, limejaa mvua za Novemba na Desemba. Na shemasi anayeshika ufunguo wa koki ya tangi hilo ni nani? Ni mimi, Manasseh Ombui!

Nilikaa karibu na dirisha. Mahubiri yote nikayatumia kupima mteremko kwa macho. Kanisa, migomba, majani ya chai, kitalu changu. Hatua themanini na tano. Mpira wangu una mita thelathini. Cleophas ana mita hamsini. Nilipokuwa nahesabu viungo vya kuunganishia kwa vidole, Mzee Angwenyi, mzee wa kanisa, alikuwa anasoma matangazo. Kitu fulani kuhusu Sabato ijayo. Watu wakaitikia amina kwa nguvu. Nami nikaitikia.

Nitachukua kidogo tu. Kikombe katika ziwa. Na miche ni viumbe vya Mungu.


Jumatatu, 3 Februari 2025

Nilimwomba Cleophas mpira wake. Nilisema ni wa kuosha paa la kanisa.

Akasema, "Chukua, Karani. Kazi ya Bwana." Akaukunja mwenyewe, akaubeba hadi kwenye ua.

Nilijisikia vibaya hadi kwenye mgomba wa tatu. Halafu nikakumbuka kwamba bila mpira, ile bastola yake ni mapambo. Atarudi kwenye keni, kopo la kumwagilia kwa mkono, kama bibi zetu. Nimepiga ndege wawili kwa jiwe moja! Nikapiga mluzi njia yote ya kupanda.

Saa nne asubuhi kila kitu kilikuwa tayari. Mpira umepita chini ya majani makavu ya migomba, huwezi kuuona. Nikafungua koki ya kanisa, nikateremka mbio, nikaushika mrija.

Kwanza ulitetemeka mkononi. Ukakohoa hewa, ukakohoa kutu, ukakohoa kitu kilichofanana na mguu wa buibui. Kisha ukapumua.

Sikuwa nimeyaona manyunyu hayo kwa zaidi ya miaka arobaini. Yalitoka bila sauti. Yalikaa juu ya miche kama shuka inayotandikwa, hayana haraka, na jua lilipoyapiga kukawa na upinde wa mvua mdogo, wa kukumbatia. Harufu ya udongo ikapanda. Nikajiona nina miaka kumi, miguu mitupu, na kijito kinasikika chini.

Nikageuka. Mama alikuwa amesimama nje. Peke yake, bila fimbo, kiganja ukutani. Alikuja polepole hadi yakamfika usoni. Hakupangusa.

"Inua mkono kidogo, Omogaka," akasema. "Unayachosha majani ya chini."

Omogaka ni mzee. Ndivyo alivyomwita Tata. Nikainua mkono. Sikumsahihisha.


Jumatano, 5 Februari 2025

Siku tatu za manyunyu. Nimeufunga mrija kwenye kigingi, unafanya kazi wenyewe toka asubuhi hadi jioni. Mbona nishike wakati kuna kigingi? Mama ameomba kiti. Anakaa pembeni, kitambaa kichwani, anakunywa uji wote na kuomba mwingine. Leo alisimulia jinsi Tata alivyomposa. Alifika kwao amelowa, amesahau kuvua pampu mgongoni. Babake Mama akauliza kama amekuja kuoa au kuua wadudu. Kemuma amecheka hadi amekaa chini. Kemuma! Aliyeninunia tangu Ijumaa!

Cleophas alipita na keni yake. Alisimama kwenye ua akatazama manyunyu, akamtazama Mama, akautazama mpira. Jina lake limeandikwa juu ya ule mpira kwa rangi nyeupe, CLEOPHAS, kila baada ya hatua kumi. Hilo sikulifikiria.

Akamsalimia Mama. Akaenda kumwagilia miche yake, kikombe kwa kikombe.

Koki ya kanisa sifungi tena usiku. Kupanda kile kilima mara mbili kwa siku ni mateso kwa magoti. Nimepinda mpira hapa chini na kuufunga kamba, inatosha.


Ijumaa, 7 Februari 2025

Akina mama wa Sironga wamekuja. Kumi na wanne, wakiongozwa na Linet, mwanamke mrefu mwenye daftari. Walipoyaona manyunyu walisema aaah! kwa pamoja. Walipiga picha. Mmoja aliingia ndani yake na kuzunguka kama bibi arusi. Nilieleza historia ya shaba, ya Tata, ya chai ya Nyamira kwa jumla. Nilikuwa nimefika mwaka 1976 hivi ndipo Linet akachuchumaa.

Aliugusa mche mmoja kwa kidole. Ukalala. Akagusa wa pili. Ukalala. Akauinua wa tatu, akanionyesha shina lake. Jeusi na laini, limeoza pale linapotoka udongoni.

Akauliza kwa upole miche hii humwagiliwa mara ngapi kwa siku.

Nikasema mara moja. Toka asubuhi hadi jioni.

Nusu ya miche imekwenda. Nyingine inasubiri zamu. Linet alinishukuru kwa historia, wakapita mlango wa ua, wakaingia kwa Cleophas. Miche yake imesimama kama wanafunzi kwenye gwaride. Imemwagiliwa kwa keni, mara moja asubuhi, kwa sababu mpira wake niliuchukua mimi. Nimemfundisha kushinda!

Walichukua yote. Nilisikia nyimbo.

Jioni sikuupinda mpira. Niliuacha unyunyize tu. Sikuwa na moyo wa kuuzima, na Mama alikuwa bado amekaa.


Jumamosi, 8 Februari 2025

Niandike haraka kabla sijaanza kuikumbuka kwa namna inayonipendeza.

Tangazo la Sabato iliyopita lilikuwa la ubatizo. Watu kumi na mmoja. Birika la ubatizo, ndani ya kanisa, hujazwa kutoka tangi lile jeusi asubuhi ya siku yenyewe. Na anayelijaza ni shemasi mwenye ufunguo.

Nilijua nilipoingia na kuwaona kumi na mmoja wamevaa kanzu nyeusi. Nilikwenda nyuma nikafungua koki ya birika. Ikatoa pumzi. Pumzi tu. Nikagonga tangi. Likalia kama ngoma.

Nilitaka kusema ni kiangazi. Nilikuwa tayari nimefungua mdomo. Lakini Mzee Angwenyi, aliyenifuata nyuma pamoja na kanisa zima, alikuwa amekwisha kuiona ile koki ya pembeni, na mpira uliotoka pale. Akasoma kwa sauti: "Cleophas."

Kanisa zima likageuka kumtazama Cleophas.

Cleophas akanitazama mimi. Angeweza kusema neno moja tu. Hakulisema. Alisema mpira ni wake, ndiyo, na aliutoa kwa hiari. Mzee Angwenyi akaanza kuufuata. Wakaufuata wote, chini ya migomba, katikati ya chai, wazee, kwaya, kumi na mmoja wakishika pindo za kanzu zao. Mimi nyuma kabisa.

Mwisho wa mpira walimkuta Mama. Amekaa kwenye kiti chake, ameinua uso. Mrija ulikuwa unatoa manyunyu ya mwisho, membamba, kisha machozi matatu, kisha basi.

Mama akauliza ni akina nani wamekuja. Mzee Angwenyi akajitambulisha, akasema kwa adabu kwamba wamefuata maji ya ubatizo.

Mama akashangaa. "Ya ubatizo? Si yapo kijitoni? Kwani mimi nilibatiziwa kwenye birika?"

Wazee wakatazamana. Mzee Angwenyi mwenyewe alibatiziwa kijitoni. Akasema taratibu, kama anayejisemea, kwamba yale maji yalikuwa baridi sana. Bibi mmoja wa kwaya ya wazee akaanza wimbo. Tukateremka.

Sijafika kijitoni kwa miaka. Ni pale pale pa kitalu cha Tata. Mistari ya mawe aliyopanga bado ipo, imefunikwa na nyasi, na michai miwili iliyosahauliwa imekuwa miti mirefu kuliko nyumba. Tulimbeba Mama na kiti chake, mimi mbele, Cleophas nyuma. Alikuwa anatuelekeza: hapa alikuwa anaweka pampu, hapa nilimletea uji, hapa Manasseh alianguka akalia. Macho yamefifia, na hakukosea hata mahali pamoja.

Kumi na mmoja walizama na kuibuka wakitweta kwa baridi. Watu walilia. Mama alipiga makofi kila mara.

Tulipokuwa tunapanda, nilimwambia Cleophas asante. Na kwamba lile la paa la kanisa lilikuwa uongo. Akasema alijua tangu Jumatatu. Ule mpira ulimpitia mbele ya mlango wa choo chake. Alinyamaza kwa sababu alisikia harufu ya manyunyu yale kwenye udongo. Akasema siku moja, akiwa darasa la tatu, Tata alimwita akampa mrija aushike, akanyunyiza mstari mzima peke yake. Hajasahau.

Nikasimama.

Mimi Tata hakuniruhusu kuushika hata siku moja. Alisema nitauharibu.


Jumapili, 9 Februari 2025

Baraza la kanisa limeketi. Nimenyang'anywa ufunguo wa maji. Nimeamriwa kujaza tangi mvua zikichelewa, kwa mgongo wangu. Haki. Sikubisha, ila kidogo.

Saa kumi Cleophas alikuja na pampu ya mgongoni, kuukuu, aliyoachiwa na mjomba wake. Nati ya Nyasani iliingia kwenye mpira wa pampu hiyo bila matata. Akapampu yeye. Nikashika mrija mimi. Halafu tukabadilishana, kwa sababu Mama aliamuru. Alisema Cleophas ana mkono mzuri. Nimeandika hili kwa uaminifu tu.

Miche yangu iliyopona ni themanini na miwili. Cleophas amesema tuiweke pamoja na yake mipya, upande wake, penye kivuli. Nimekubali. Tulinyunyiza hadi jua likapita nyuma ya kilima. Alisema majani ya chai yalikuwa na harufu zaidi zamani. Nikasema ndiyo, zaidi sana.

Nimemwonyesha Mama kile kipande kilichokatwa. Alikipapasa, akakifunga kwenye pindo la kitambaa chake.

Nimejifunza. Naandika hapa kwa kalamu: nimejifunza. Kitu kizuri hakitaki kuongezewa werevu wangu. Basi.


Jumatano, 12 Februari 2025

Mzee Angwenyi alifika asubuhi. Amesema baraza halitaki nikae bila huduma, nisije nikavunjika moyo. Wamenitafutia kazi isiyo na maji hata tone. Amenipa ufunguo wa kabati la vipaza sauti.

Nimeguswa sana. Nimepanda mara moja kukagua. Kila kitu ni kizuri, kimefunikwa kwa kitambaa. Mashine kubwa ya kukuza sauti ni mpya kabisa, zawadi ya waumini walio Nairobi, na itazinduliwa Sabato hii kwenye mkutano wa makanisa yote ya Manga.

Nimeiwasha kujaribu. Moja, mbili. Safi. Lakini nikasikia kitu kinavuma ndani. Nikaweka kiganja nyuma yake. Feni! Feni yenye nguvu, inapuliza hewa ya joto, kavu, bila kukoma, kwa ajili ya kupoza mashine tu. Hewa yote hiyo inapotea bure kabatini. Na Kemuma ana makarai matatu ya wimbi yaliyokataa kukauka.

Feni itarudi mahali pake kabla ya Ijumaa. Hakuna atakayejua.

Nimefungua skrubu nne tu. Kutazama.